Ruta ya Wageni Iliyolazwa Chumba cha Ndani: Kisa cha Nyumba Moja ya Mji Mkongwe

Siku ya khitma ya marehemu mwenye nyumba, akina mama wamekaa kitako kwenye mikeka sebuleni, juzuu mikononi, TV ya ukutani iliyokuwa imezimwa ikawaka yenyewe na kuanza kuonyesha mechi ya mpira, sauti juu. Hakuna aliyegusa rimoti. Mgeni wa ghorofa ya pili, amejilaza kitandani na simu yake, alibonyeza alama ya kurusha picha kwenye TV. Orodha ikamwonyesha TV moja tu, akadhani ni ile ya chumbani kwake. Hakukusudia ubaya wowote. Lakini Bi Mkubwa (ndivyo nyumba nzima inavyomwita, nami nitamwita hivyo) aliuliza swali ambalo mjukuu wake alinisimulia baadaye: "Kama mtu wa juu anaweza kuiwasha TV yangu, anaweza nini tena?"

Swali hilo lilijibiwa mara mbili. Jibu la kwanza lilikuwa na kosa, na likaaminika zaidi ya mwaka mzima. Mimi niliitwa kwa jibu la pili. Naandika kwa kirefu kwa sababu kosa lile nimelikuta nyumba nyingi zinazopangisha vyumba kwa wageni, na kila mara lilikuwa limefanywa kwa nia njema na fundi anayejua kazi yake.

Nyumba ni ya ghorofa tatu, kuta za mawe na chokaa zenye unene wa dhiraa moja na zaidi, dari za boriti za mikoko. Familia inakaa chini na ghorofa ya kwanza. Vyumba vitano vya juu hupangishwa wageni, na kwenye paa kuna kibanda cha makuti ambako wageni hunywa chai asubuhi. Intaneti inaingia kwa faiba, na kisanduku cha kampuni ya intaneti, ambacho ndicho ruta ya kwanza inayoigawa intaneti hiyo kwa familia, kimefungwa ukutani karibu na mlango mkubwa. Anayeshughulika na wageni, malipo na mambo yote ya kompyuta ni mjukuu, kijana wa miaka 19.

Baada ya kisa cha khitma, fundi wa kwanza alinunua ruta ya pili. Akavuta kebo kutoka kwenye kisanduku cha kampuni hadi ukumbi wa ghorofa ya pili, akaichomeka ruta ile, akaipa jina "Wageni" na neno la siri lake peke yake. TV haikuwaka tena. Wageni wana mtandao wao, familia ina wake, majina mawili tofauti kwenye simu. Kwa macho ya yeyote kazi ilikuwa imekwisha.

Aliyeligundua tatizo ni mgeni mwingine, mtu wa kazi za mitandao huko kwao. Intaneti ilikuwa nzito, akatumia kompyuta yake kufuatilia pakiti, yaani vipande vya data, zinapita vituo gani kabla ya kutoka nje. Kituo cha kwanza kilikuwa 192.168.0.1, hiyo ndiyo ruta ya wageni. Cha pili kilikuwa 192.168.100.1. Akaiandika anwani hiyo ya pili kwenye kivinjari, ukafunguka ukurasa wa kuingilia wa kisanduku cha familia. Akafunga kompyuta, akashuka ngazi, akamwambia mjukuu alichokiona. Bwana yule alifanya uungwana mkubwa, maana angeweza kuendelea na hakuna ambaye angejua.

Nilichokiona nikiwa juu ya paa

Nilifika Jumamosi asubuhi. "Shikamoo Bi Mkubwa." "Marahaba mwanangu, panda juu, kahawa itakufuata." Nilipanda hadi kwenye paa bila kuomba neno la siri la kisanduku wala kugusa kebo yoyote. Kazi za namna hii huzianza nikiwa mgeni: nakaa anapokaa mgeni, najiunga kwa neno la siri alilopewa mgeni kwenye kikadi chake, halafu najaribu kuingia mahali ambapo mgeni hatakiwi kuingia. Ukianzia chini kwenye ruta utaona mipangilio inavyosema. Kutoka juu utaona mipangilio inavyofanya.

Simu yangu ilipewa anwani 192.168.0.14. Niliandika 192.168.100.1, ukurasa ukafunguka kama alivyosema yule mgeni. Mjukuu akiwa pembeni yangu na kwa ridhaa yake, nilipitisha programu ya kukagua anwani zote za 192.168.100. Vilijibu vitu vitano. Kisanduku chenyewe. Printa. TV ya sebuleni. Kompyuta ya mjukuu, yenye folda iliyoachwa wazi kwa yeyote aliye kwenye mtandao, na ndani ya folda hiyo picha za pasipoti za wageni wote waliowahi kulala pale. Na rekoda ya kamera za usalama.

Rekoda ilikuwa bado na jina na neno la siri vya kiwandani. Niliviandika, na kioo kikagawanyika mara nne: mlango mkubwa, kichochoro, ngazi za juu, na ua wa ndani. Uani alikuwepo mmoja wa wanawake wa nyumba, kichwa wazi, anaanika nguo. Nilifunga ukurasa palepale. Mjukuu alikaa kimya kwa muda, kisha akauliza kwa sauti ya chini kama vyumba vyote vitano vingeweza kuona vile. Nilimwambia ndiyo, na kila aliyelala humo tangu ruta ile ifungwe.

Hatuna sababu ya kuamini kuwa kuna mtu aliyeangalia, na Bi Mkubwa nilimwambia hivyo. Lakini katika nyumba ya Kiswahili, ua ndiyo sehemu ambayo mwanamke hapaswi kujiuliza nani anatazama.

Kwa nini ruta mbili hazikutenganisha kitu

Nilipoeleza sababu niliitumia nyumba yenyewe, na Bi Mkubwa alielewa upesi kuliko mjukuu wake. Nyumba za zamani za pwani zimejengwa kwa mpango. Mgeni hupokelewa barazani, akikaribishwa zaidi huingia dakani, na akina mama wako ndani, mbali na mlango. Mgeni akitaka kwenda zake husimama tu akaondoka, hana haja ya kupita kwa mtu. Fundi wa kwanza alifanya kinyume. Aliwalaza wageni chumba cha ndani kabisa, akawafungia mlango mzuri wenye kufuli, akasahau kwamba ili watoke nje lazima wapite sebuleni kwa familia.

Ndivyo ruta mbili zilizounganishwa kwa mfuatano zinavyofanya kazi. Ruta ya ndani huuona mtandao wa ruta ya nje kama sehemu ya dunia, kama unavyoonekana mtandao wowote wa intaneti. Mgeni akiomba kwenda 192.168.100.50 kwenye rekoda, ruta ya wageni inasema sawa, huko ni nje, nenda. Inampitisha kwa anwani yake yenyewe, rekoda inajibu, jibu linarudi. Kurudi upande wa pili ndiko kusikowezekana: kompyuta ya familia haiwezi kumfikia mgeni, kwa sababu ruta ya wageni haipokei maombi yanayoanzia nje kwake. Kwa hiyo ukuta ulikuwepo, tena imara. Uliwalinda wageni dhidi ya familia.

Lakini mbona TV iliacha kuwaka? Hapa ndipo nyumba nzima ilipodanganyika. Simu inapotafuta TV ya kurushia picha haiendi moja kwa moja kwenye anwani. Inapiga ukelele ndani ya mtandao wake: kuna TV hapa? TV iliyo karibu inaitika. Ukelele huo hauvuki ruta. Ilipowekwa ruta ya pili, simu za wageni ziliacha kusikia TV ikiitika, na jina lake likatoweka kwenye orodha. Kutosikia si sawa na kutofika. Aliyeijua anwani, au aliyekuwa tayari kuzijaribu anwani 254 moja baada ya nyingine, alifika bila shida. Dalili iliondoka, ugonjwa ukabaki, na kwa kuwa dalili imeondoka hakuna aliyeutafuta ugonjwa.

Kulikuwa na tundu la pili, na hili halikuwa la ufundi. Mawimbi ya Wi-Fi hayapendi kuta za mawe ya matumbawe. Ruta ya wageni ilikuwa ukumbini ghorofa ya pili, kibandani kwenye paa haikufika. Wageni walilalamika, kijana wa jikoni anayepeleka chai akawaonea huruma, mjukuu akanunua kile kidude cha kurefusha mawimbi kinachochomekwa kwenye soketi. Kikaunganishwa na mtandao gani? Na ule uliokuwa na nguvu ngazini, yaani wa familia. Kwa hiyo wageni waliokunywa chai juu walikuwa wakipewa neno la siri la familia, limeandikwa kwa kalamu nyuma ya kikadi cha menyu.

Mtandao wa wageni ukiwa dhaifu, watu wa nyumba watatoa ule wa familia. Watatoa kwa sababu wana moyo mzuri, na huwezi kuwakataza kuwa hivyo. Ulinzi wa nyumba ile ulianza kwa kuhakikisha kwamba Wi-Fi ya wageni ni nzuri kila pembe, hata iwe bora kuliko ya wenyewe.

Njia zilizokuwepo

Njia isiyo na gharama ilikuwa kubadilishana nafasi: wageni wakae kwenye kisanduku cha kampuni, familia na vitu vyake vyote vihamie nyuma ya ruta ya pili. Mtu wa kawaida anayepokea mgeni mara moja kwa mwezi namshauri afanye hivyo leo, inatosha. Hapa haikutosha. Kampuni ilitupa akaunti ndogo ya kisanduku, ile isiyoweza kugusa mipangilio mizito, hivyo nisingeweza kugawa kasi wala kuzuia wageni wasifikiane kwa waya. Tena mawasiliano ya familia yote yangepita katika ukumbi wa wageni. Mtu mwenye ujuzi aliye humo anaweza kuifanya kompyuta yake ijitangaze kuwa ndiyo lango, mawasiliano yakapitia kwake. Tovuti nyingi siku hizi zimefichwa kwa usimbaji kwa hiyo asingesoma yaliyomo, ila angeweza kujua unakwenda wapi, au kukukatia njia.

Njia nyingine ilikuwa kwenye kisanduku chenyewe, kwani kiliruhusu kuongeza jina la pili la Wi-Fi. Nilijaribu. Simu kwenye jina la pili ikapewa anwani ya 192.168.100, safu ileile ya familia. Niliwasha kipengele cha kutenganisha vifaa, simu mbili zikaacha kuonana, nikafurahi kidogo. Nikajaribu rekoda, ambayo imeunganishwa kwa waya. Ikafunguka. Kutenganisha kule kulihusu hewani tu. Ruta nyingine za nyumbani zina kipengele cha wageni kilicho kamili, lakini ukizigeuza zikawa za kurusha mawimbi tu nyuma ya ruta nyingine, mara nyingi ukuta ule hutoweka huku jina la mtandao likibaki palepale. Jina jipya kwenye simu halithibitishi chochote.

Tukachukua njia ya tatu, ruta moja yenye uwezo wa kugawa mitandao ndani kwa ndani. Nilitumia ruta ndogo ya MikroTik yenye matundu matano, na vifaa vitatu vya kurushia Wi-Fi vinavyopata umeme kwa kebo hiyohiyo ya data. Vyote pamoja havikufikia malipo ya siku tano za chumba kimoja cha juu. Kebo tulizipitisha kwenye uwazi wa bomba la zamani pembeni ya ngazi, bila kutoboa ukuta hata mmoja. Nyumba za Mji Mkongwe hazitobolewi ovyo, na mji huu umo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000.

Mgawanyo wenyewe unaitwa VLAN. Kila pakiti inapachikwa namba ya mtandao wake, kuanzia 1 hadi 4094, na kebo moja inabeba pakiti za mitandao mingi bila kuchanganyika, kama magunia ya karafuu yanayopanda lori moja huku kila gunia lina alama ya mwenyewe. Familia nikaipa namba 10, wageni 20, kamera 30. Jina la Wi-Fi la familia linarushwa na kifaa cha ghorofa ya kwanza tu. Vifaa vya ghorofa ya pili na vya paa vinarusha la wageni peke yake. Kidude cha soketi nilikitia mfukoni.

Kamera nilizipa mtandao wake kwa sababu hatari haitoki kwa wageni tu. Mwaka 2016 virusi vilivyoitwa Mirai vilipita duniani vikijaribu maneno ya siri ya kiwandani kwenye kamera na rekoda zilizofikika kutoka kwenye intaneti, vikazikamata nyingi mno. Tarehe 21 Oktoba mwaka huo vifaa hivyo vilitumika kuishambulia Dyn, kampuni iliyokuwa ikizielekeza kompyuta jina la tovuti lina anwani gani, na huduma kama Twitter na Netflix zikawa hazipatikani kwa watu wengi Marekani. Wenye kamera zile hawakujua kitu, picha ziliendelea kuonekana kama kawaida. Rekoda ya Bi Mkubwa ilikuwa na neno la siri la aina hiyohiyo.

Kanuni, na mahali ziliponikwama

Ruta husoma kanuni kutoka juu kwenda chini na kuitii ya kwanza inayolingana. Za nyumba hii ni chache. Majibu ya mazungumzo yaliyokwisha kuanza yapite. Familia inaweza kwenda kwenye kamera. Kamera haziwezi kuanza safari kwenda kwa familia wala kwa wageni. Wageni wanaweza kwenda intaneti. Wageni hawaruhusiwi kwenda anwani yoyote ya ndani, yaani safu zote tatu zilizotengwa duniani kwa mitandao ya ndani: 10.0.0.0/8, 172.16.0.0/12 na 192.168.0.0/16. Na kwa ruta yenyewe, mgeni anaruhusiwa mambo mawili, kuomba anwani yake na kuuliza jina la tovuti lina anwani gani. Kurasa za kuiendesha hazimfungukii.

Nilipanda tena juu ya paa na simu. Rekoda imegoma. Printa imegoma. Kompyuta ya mjukuu imegoma. Nikaandika 192.168.100.1, na ukurasa wa kisanduku cha kampuni ukafunguka kama siku ya kwanza.

Kanuni zote zilikuwa sahihi, mpangilio ndio uliokuwa na kosa. Kisanduku cha kampuni sasa kiko mbele ya ruta yetu, upande wa nje. Pakiti ya mgeni inayokwenda 192.168.100.1 inatokea mlango uleule wa intaneti, hivyo kanuni ya "wageni wanaweza kwenda intaneti" iliikuta kwanza na kuiruhusu kabla haijafika kwenye katazo. Nilipandisha katazo juu ya ruhusa, nikayafuta mazungumzo yaliyokuwa wazi (yaliyokwisha kuruhusiwa huendelea kupita hata kanuni ikibadilika), nikajaribu upya. Kioo kikazunguka, kikazunguka, kikaandika kwamba ukurasa haupatikani. Bila kupanda ngazi zile ningeondoka nikiamini kazi imekwisha, sawasawa na mwenzangu wa kwanza.

Jaribio la pili lililofeli lilikuwa la wageni kwa wageni. Vifaa vya kurushia Wi-Fi vilikuwa na kipengele cha kuwazuia wageni wasifikiane, nami nilikiwasha. Simu mbili zilizo paani hazikuonana. Nilipoiacha moja paani na kushuka na nyingine ghorofa ya pili, zikaonana. Kila kifaa kinawatenganisha wateja wake mwenyewe, hakijui habari za wateja wa kifaa cha jirani, na pakiti zao zilikutana kwenye ruta. Ilibidi matundu yale ya ruta yaambiwe yasipitishiane pakiti za wageni. Jambo hili nyumba yenye kifaa kimoja hailihitaji. Yenye viwili na kuendelea inalihitaji, na ni mara chache kuona limefanywa.

Kasi ilikuwa rahisi, isipokuwa kwa kitu kimoja ambacho watumiaji wa MikroTik watakitambua. Nilimwekea kila mgeni kikomo ili mmoja asimeze laini nzima, na kikomo hakikufanya kazi hata kidogo. Kipengele cha FastTrack, kinachoipa ruta wepesi, huzipitisha pakiti pembeni ya foleni za kasi. Nilikizima kwa wageni, foleni zikashika. Kilichokuwa kikiwaumiza watu wa nyumba ile hata si kushusha filamu. Ni kupandisha: kila mgeni akirudi kutoka ufukwe wa Nungwi au msitu wa Jozani, simu yake hupandisha picha zote za siku hiyo, na laini ya kupandisha ikijaa, hata kufungua ujumbe mdogo kunakuwa kuzito.

Maneno ya siri nitayapitia haraka. La wageni ni maneno manne ya kawaida ya Kiswahili yasiyohusiana, ni rahisi kulisoma kwenye kikadi na ni refu vya kutosha, na liko pia kwenye mchoro wa QR unaobandikwa nyuma ya mlango wa chumba. Hubadilishwa kila mwezi na mjukuu. Sikutaka mtandao uwe wazi kabisa wenye ukurasa wa kuingilia kama wa hoteli, kwa sababu mtandao wa namna hiyo kwa kawaida haufichi chochote hewani, ukurasa ule ni wa kuhesabu watu. Niliweka WPA3 pamoja na WPA2, viwango vya kuilinda Wi-Fi, kipya na cha zamani, ili simu kuukuu zisikataliwe. WPS, kile kitufe cha kuunganisha bila neno la siri, nilikizima. WPS ina pia namba ya siri ya kujiungia, na udhaifu wake ulitangazwa tangu 2011: namba ina tarakimu 8, lakini huhakikiwa kwa vipande viwili na ya mwisho inatokana na zile nyingine, hivyo majaribio 11,000 yanatosha kuimaliza.

Kamera ya uani, na yaliyofuata

Suala gumu lilikuwa la mtoto wa Bi Mkubwa anayeishi Muscat. Yeye ndiye aliyenunua kamera, na kila jioni huzitazama kwa simu yake kumjua mama yu hali gani. Nilikuwa nimepanga kamera zisiwe na intaneti kabisa, na kufanya hivyo kungemkatia. Kampuni ya intaneti haikuipa nyumba anwani ya umma ya peke yake, hivyo njia ya kumtengenezea mlango wake wa siri kutoka Oman ilikuwa ndefu na ingehitaji mtu wa kuitunza. Niliwaeleza wote wawili, yeye akiwa kwenye simu ya video. Rekoda inaweza kuruhusiwa kutoka nje kwenda kwenye seva (kompyuta za huduma) za mtengenezaji na kutazamwa kwa programu yake, neno la siri likiwa jipya na refu. Lakini ijulikane kwamba picha zinapita kwa mtu mwingine.

Bi Mkubwa alinyamaza, kisha akasema, "Za mlangoni na waone. Uani sitaki jicho." Mwanawe akasema sawa, mama. Kamera ya uani tuliishusha siku hiyohiyo tukaifunga kwenye ngazi za paa. Hakuna kanuni yoyote niliyoiandika kwenye ruta ile iliyoulinda ua kama uamuzi huo.

Wiki ya pili lilikuja lalamiko la kwanza, nami nilikuwa nalitarajia: mgeni hawezi kurusha filamu kutoka simu yake kwenda TV ya chumbani. Ni kweli, tulikuwa tumevizuia vifaa visifikiane, na TV ya chumbani ni kifaa kama kingine. Inawezekana kufungua njia kwa kila chumba peke yake, ila ni kazi ya kuchezea mipangilio kila mara. Tuliweka kebo ya HDMI katika kila chumba, imezungushwa vizuri na kufungwa kwa utepe, pamoja na kichwa cha kuchomeka simu. Wachache wasio na simu ya kukubali kebo huambiwa ukweli. Printa nayo wageni huiulizia sana, hasa kwa tiketi na hati ya bima ya safari. Wanamtumia mjukuu faili, anachapisha chini, anawapandishia karatasi pamoja na chai. Picha za pasipoti zilihamishwa, folda ikafungwa, na za wageni waliokwisha kuondoka zisizohitajika tena zikafutwa.

Nilimwachia mjukuu karatasi moja ya majaribio ya kila tarehe 1 ya mwezi. Anapanda juu ya paa, anajiunga kama mgeni, anaandika anwani nne zilizoorodheshwa, zote zinatakiwa zigome. Mwisho wa karatasi nimeandika: hesabu majina ya Wi-Fi ya nyumba hii yanayoonekana ukiwa paani na ukiwa barazani, yawe mawili tu.

Mwezi wa tatu alinipigia simu usiku. "Kaka, anwani zote zimegoma, lakini barazani naona majina matatu." Kisanduku cha kampuni kilikuwa kimeharibika wiki hiyo, wakaja wakafunga kipya, na kipya kilikuja na Wi-Fi yake imewaka, neno la siri limebandikwa ubavuni, pale mlangoni anapopita kila mtu. Ruta yetu ilikuwa nyuma yake kwa hiyo hakuna ambaye angefika ndani, ila aliyejiunga pale angekuwa amesimama katikati ya nyumba na intaneti, mahali nilipokataa kuwaweka wageni. Nilipotaka kumweleza pa kuingilia, akaniambia ameshaingia, ameizima, na neno la siri la kiwandani amelibadilisha. Dakika moja baadaye ikaja picha ya simu yake akiwa barazani, majina mawili.